KULA MBILI JUU YA MBILI: historia ya adhabu zinazorundikana kwenye karata

Testi zimepungua kidogo wiki hii, umeme upo, kwa hiyo leo nawaletea historia. Najua mnasema "huyu jamaa wa Historia anaanza tena", lakini hii inawahusu wote mnaocheza karata hosteli, kwenye mageto na pale kijiweni.

Swali ni hili. Mwenzako kakutupia mbili, unatakiwa kula karata mbili. Wewe mkononi una mbili nyingine, unaiweka juu yake. Anayefuata anakula ngapi? Mbili au nne? Na kama akiweka jokeri juu yake, inakuwaje?

Ukiuliza hilo swali Boko Magengeni unapata jibu moja, ukivuka barabara ya Bagamoyo unapata lingine, ukishuka Basihaya unapata la tatu. Na kila anayejibu anaapa kwamba hiyo ndiyo sheria, wengine wote wanacheza uhuni. Mimi nasema hakuna anayecheza uhuni. Swali lenyewe ni gumu, na kuna watu duniani wamelipwa mshahara kulijibu, na hata wao wamebadilisha jibu zaidi ya mara moja. Twende taratibu.

Karata zilitoka wapi

Neno lenyewe "karata" limetoka Kireno, carta. Wareno walipita pwani yetu 1498 na Vasco da Gama, wakaipiga Kilwa 1505, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa 1593, na Waomani wakawatoa pale 1698. Miaka 200 hivi. Waliacha maneno: meza, leso, mvinyo, gereza, bendera. Na wakaacha karata.

Angalia majina ya aina zake. Kopa ni copas, yaani vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pau ni paus, marungu. Turufu ni trunfo. Saba inaitwa seti, ambayo ni sete ya Kireno, saba ile ile. Kwa hiyo mtu akipiga seti ya kopa kijiweni leo, anaongea Kireno bila kujua. Sisi tunasoma semina nzima juu ya urithi wa Wareno, kumbe mzee wa gahawa anao mfukoni.

Sasa sikia hii, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kamusi za zamani za Kiswahili, hizi za enzi ya Waingereza, zinataja zile karata zenye picha za watu kama "wazungu". Mfalme anaitwa mzungu wa nne. Yule kijana, ghulamu, anaitwa mzungu wa tatu. Malkia, au bibi, anaitwa mzungu wa pili. Kwa mara ya kwanza nilidhani ni kupanga foleni tu. Lakini mbona kijana yuko juu ya malkia? Na wa kwanza yuko wapi?

Jibu liko kwenye mchezo. Huku pwani kuna mchezo wa zamani unaitwa wahedi wa sitini, yaani sitini na moja kwa Kiarabu. Ni ndugu wa michezo ya Wareno kama bisca na sueca. Mnatoa nane, tisa na kumi, zinabaki karata 40. Ree ina pointi 11, seti ina 10, mfalme ana 4, kijana ana 3, malkia ana 2. Zilizobaki hazina kitu, hizo ndizo magarasa. (Ndiyo, ndiko lilikotoka lile neno mnalowatukana nalo wachezaji wa Simba na Yanga wakiwa hawajafunga mechi tatu.)

Umeona? Mzungu wa nne ana pointi 4. Mzungu wa tatu ana 3. Mzungu wa pili ana 2. Sheria ya kuhesabu imefichwa ndani ya jina! Hukuhitaji kitabu. Ukijua jina umejua thamani.

Na ukijumlisha 11 na 10 na 4 na 3 na 2 unapata 30. Mara aina nne, 120. Nusu yake 60. Ndiyo maana mshindi anatafuta 61. Hesabu imefungwa pande zote, haiwezi kuzidi wala kupungua. Kwenye mchezo kama huo hakuna ugomvi wa "zinajumlishwa au hazijumlishwi". Kila kitu kinajumlishwa, mwisho ni 120, tunywe gahawa twende nyumbani.

Ikaja lasti kadi

Vijana wa sasa wengi wanacheza lasti kadi. Huu ni ukoo mwingine kabisa wa michezo: unamaliza karata zako kabla ya wenzako. Wajerumani wana Mau-Mau, Wamarekani wana Crazy Eights, Wakenya wanaita kadi tu, na ukibakiwa na mwendo wa kumalizia unatangaza "niko kadi".

Humu ndani mambo yamegeuka. Mbili, ambayo kwenye wahedi wa sitini ni garasa la kutupwa, sasa ndiyo inayoogopwa. Mfalme hana hata pointi ya kujivunia. Na karata imepata kazi mpya ambayo zamani haikuwa nayo: inamuumiza anayefuata. Kwa Wakenya wengi mbili inakulisha mbili, tatu inakulisha tatu, jokeri inakulisha tano, na ree inazuia. Huku kwetu getoni tunatumia mbili na jokeri tu, tatu ni karata ya kawaida.

Tatizo ni kwamba sheria hii haimo kwenye jina wala haijaandikwa kwenye karata. Imo mdomoni. Na midomo iko mingi. Nimezunguka nikiuliza, nikakuta kuna shule tatu.

Shule ya kwanza ni ya kujumlisha. Mbili juu ya mbili ni nne, jokeri juu yake ni tisa, mbili nyingine ni kumi na moja. Anayekosa cha kuweka anabeba mzigo wote.

Shule ya pili ni ya kuhamisha. Ukiweka mbili juu ya mbili umejiokoa tu, adhabu imehamia kwa mwenzako, na yeye anakula mbili. Ya mwisho inafuta ya kwanza.

Shule ya tatu ni ya kuzidisha. Mbili juu ya mbili ni nne, mbili ya tatu ni nane, mbili ya nne ni kumi na sita. Hawa ni wachache lakini wapo, na ni wakatili kinoma.

Usidharau tofauti hiyo. Mbili ziko nne kwenye kasha. Zikishuka zote mfululizo, shule ya kuhamisha unakula 2, ya kujumlisha unakula 8, ya kuzidisha unakula 16. Karata zile zile, meza ile ile.

Sasa getoni kwetu Boko tunaishi wanne, na anayeshindwa usiku anaosha masufuria. Kuna mshkaji wa uhandisi, tumwite Injinia. Siku ya tatu mfululizo kalishwa karata 11 kwa mpigo, kwa ile shule ya kujumlisha. Yeye kwao Tanga walikuwa wanahamisha. Akasema hali, wenzake wakasema utakula, akarusha kasha zima akatoka nje. Wiki nzima hakuongea na yule aliyemlisha, na hela yake ya umeme hakutoa. Tumekaa giza siku mbili kwa sababu ya mbili ya shupaza! Msicheke, wengine hapo mlipo mmeshagombana kwa kidogo kuliko hicho.

Wenzetu walilijibu vipi

Mwaka 1971 kinyozi mmoja wa Ohio, Marekani, jina lake Merle Robbins, alitengeneza UNO. Alichofanya ni kuchukua ukoo huu huu wa lasti kadi na kuandika adhabu juu ya karata: chora mbili, chora nne. Ungetegemea ugomvi uishe. Wapi! Karata ilisema unakula ngapi, lakini haikusema nini kinatokea zikikutana mbili. Dunia nzima watu wakawa wanazirundika. Mei 2019 wenye UNO wakatangaza mtandaoni kwamba hairuhusiwi: ukiwekewa ya nne, unakula nne na zamu yako imepita, huwezi kuweka ya mbili juu ili mwenzako ale sita. Watu wakakasirika, wakawajibu wenye mchezo kwamba hawajui mchezo wao wenyewe. Hapo ndipo unapoona sheria ya mdomo ilivyo na nguvu.

Mwaka 1993 Mmarekani mwingine, Richard Garfield, akatoa Magic: The Gathering. Huu ni mchezo ambao kila mtu ananunua na kukusanya karata zake, na kila karata ina maelezo yake mwenyewe. Karata moja inapiga pointi tatu za maumivu, nyingine inasema maumivu yote yazidishwe mara mbili, nyingine inasema punguza moja. Ziko maelfu. Hapo huwezi tena kusema "kijiweni kwetu tunafanya hivi". Lazima uwe na sheria ya kukutanisha karata ambazo aliyeziandika hakuwahi kuziwaza pamoja.

Wakahangaika. Miaka ya mwanzo kulikuwa na hatua maalumu ya kuzuia maumivu, na aina za karata ambazo zilikuwa na haraka kuliko nyingine. Mwaka 1999, kwenye toleo la sita, wakafuta sehemu kubwa ya hayo na kuleta rundo. Fikiria sahani za kantini: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Mimi nikirusha moto, wewe ukajibu kwa ngao, ngao yako inafanya kazi kwanza kwa sababu iko juu. Hata mapigo ya vita yakawa yanapangwa kwenye rundo. Miaka kumi baadaye, 2009, wakayatoa tena humo, na mashabiki wakalalamika. Yaani wataalamu wenyewe wa kulipwa, jibu lao lilidumu miaka kumi.

Lakini kuna kasheria kamoja ka Magic nakapenda kuliko zote. Chukua pigo la 3. Kuna kitu kinachozidisha mara mbili na kitu kinachopunguza moja, vyote viko mezani. Ukizidisha kwanza: 3 mara 2 ni 6, toa 1, unabaki na 5. Ukipunguza kwanza: 3 toa 1 ni 2, mara 2 ni 4. Nani anaamua kipi kianze? Si mpigaji. Anayepigwa ndiye anayechagua. Kwa hiyo anachagua 4. Na kama kuna vizidishi viwili, hakuna cha kuchagua: 3 inakuwa 6, 6 inakuwa 12.

Wajapani nao 1996 wakatoa karata za Pokemon, wao wakaamua kupanga foleni moja kwa wote: anza na pigo la msingi, kisha udhaifu wa mpigwaji unaozidisha mara mbili, kisha ukinzani unaopunguza. Safi. Lakini angalia karata moja ya Pokemon inayoitwa PlusPower, kazi yake kuongeza 10 kwenye pigo. Kwenye toleo la Kiingereza la 1999 iliandikwa kwamba 10 inaongezwa *baada ya* udhaifu. Ilipochapishwa tena 2011 ikaandikwa *kabla ya* udhaifu. Pigo la 40 kwa mwenye udhaifu: 1999 ni 80 ongeza 10, yaani 90. 2011 ni 50 mara mbili, yaani 100. Jina lile lile, kumi ile ile, neno moja tu limebadilika.

Na humo humo ndani ya Pokemon shule zetu za Boko zinaishi pamoja. Mnyama anaweza kuwa na sumu na kuungua kwa wakati mmoja, kila kimoja kinauma kivyake. Hiyo ni kujumlisha. Lakini usingizi, kuchanganyikiwa na kupooza havikai pamoja: kinachokuja mwisho kinafuta kilichokuwepo. Hiyo ni kuhamisha. Kwa hiyo Injinia na wenzake wote wako sahihi, ila kila mmoja kwa karata nyingine.

Mbona si karata tu

Jirani yetu dada mmoja anasoma sheria, tunamwita Wakili. Nilimweleza haya nikidhani atacheka. Akaniambia, "Kaka, hiyo mbona tunaisoma darasani."

Akanieleza. Mtu akikutwa na makosa mawili, akapewa miaka 5 kwa la kwanza na 3 kwa la pili, anakaa mingapi? Nyie mnasoma magazeti kila siku mnaona "adhabu zote zitakwenda sambamba". Maana yake anakaa 5, ile 3 inaliwa humo humo. Zikienda mfululizo anakaa 8. Na kwa sheria zetu za Tanzania, mahakama isipotamka kwamba ziende sambamba, zinafuatana. Ukimya unajumlisha! Sentensi moja ya hakimu ni miaka mitatu ya mtu.

Halafu tuje kwenye letu sote: mkopo. Wale waliotutangulia walikuwa na vitu viwili juu ya deni moja. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6, na kulikuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Zote mbili ziliondolewa 2021, ile ya 6 Rais Samia aliitangaza kwenye Mei Mosi pale Mwanza. Mdogo wako akija chuo leo hatazijua. Lakini waliozibeba wanazijua, waulize kaka zenu.

Chukua mfano wa hesabu tupu, deni la shilingi 1,000,000. Ukipiga 6 na 10 kila moja juu ya deni la msingi, unapata 1,160,000. Ukipiga moja juu ya nyingine, unapata 1,166,000. Hapo hata ubadilishe ipi ianze jibu ni lile lile, kwa sababu zote ni za kuzidisha. Hilo Injinia alinisaidia, hesabu ni zake.

Ila ukichanganya kuzidisha na kupunguza ndipo foleni inapouma. Tuseme umelipa 200,000. Ikipunguzwa kabla ya ile 10, unadaiwa 880,000. Ikipunguzwa baada, unadaiwa 900,000. Hela yako ile ile uliyolipa, tofauti elfu ishirini, na hakuna aliyekuibia. Ni foleni tu. Ndiyo PlusPower ile ile, sema hii inakatwa kwenye mshahara.

Kwa hiyo

Nikijumlisha (samahani), naona historia inakwenda hivi. Zamani sheria ilikaa kwenye jina: mzungu wa nne, pointi nne, basi. Kisha ikahamia mdomoni, kila mtaa na wake. Kisha ikaandikwa kwenye karata yenyewe, na bado haikutosha, kwa sababu karata inajua kazi yake tu, haijui jirani yake. Ikabidi iandikwe sheria ya tatu, ya kukutanisha mbili.

Kwa maoni yangu, kabla hamjagawa karata, au kabla hujasaini mkataba wowote wenye neno adhabu ndani yake, uliza matatu:

1. Zikikutana mbili, zinajumlishwa, zinafutana au zinazidishwa?
2. Kipi kinaanza?
3. Pale sheria isiposema, nani anachagua?

Hilo la tatu watu wanalisahau, na ndilo kubwa. Kijiweni anachagua mwenye sauti kubwa. Mahakamani ukimya umeshachagua. Kwenye ule mchezo wa Garfield anachagua anayeumia, na sijaona bado jibu la haki kuliko hilo.

Getoni tumeandika yetu kwenye karatasi tukabandika juu ya mlango wa jikoni: mbili na jokeri zinajumlishwa, mwisho karata kumi, na pakitokea utata aliyelishwa ndiye anachagua. Injinia ndiye aliyependekeza kikomo cha kumi. Amelipa hela ya umeme, na jana aliosha masufuria bila neno, ingawa alikula tisa.

Kama kwenu mnacheza tofauti niambieni, hasa watu wa Tanga na Mtwara, nataka kujua hiyo shule ya kuhamisha ilianzia wapi. Na kama una babu anayecheza wahedi wa sitini, kaa naye umuulize anawaitaje wale wazungu watatu, uandike.

Naomba kuwasilisha. Jumatatu tunakutana maktaba.